Waifai ikipotea kwenye Linux msituambie tupige Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua, najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, nisamehe mapema. Ni kuhusu lile jibu la kwenye ukurasa wenu wa teknolojia, msomaji mwenzetu kauliza kwamba laptopu yake ya Linux (mfumo endeshi kama ilivyo Windows) imepoteza waifai baada ya apdeti, hakuna hata jina moja la mtandao linaloonekana, akajibiwa mistari mitatu tu: Linux haielewani na waifai, apige Windows, ikishindikana anunue kadi nyingine ya waifai. Nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari.

Mimi ushauri huo nilishapewa na fundi mmoja enzi hizo bado mgeni, nikaufuata. Nilipiga upya mara tatu ndani ya wikiendi mbili, nikatoa Ubuntu nikaweka Mint (zote ni aina za Linux), nikatoa Mint nikarudisha Ubuntu, waifai hamna. Kuja kugundua, ubavuni mwa ile laptopu palikuwa na kaswichi kadogo ka kusukuma, kalisukumwa na vitu kwenye begi kakazima redio. Nikakarudisha kwa kucha, mitandao ikamwagika kwenye skrini kama kumbikumbi. Wikiendi mbili jamani, kwa swichi!

Toka siku hiyo nikaamua sipigi kitu upya kabla sijaiuliza laptopu yenyewe, maana inajua inaumwa wapi na inasema, ila inasema kwa mistari ambayo wengi tukiiona tunaikimbia. Na kitu kingine, tuache kusema tu "waifai haishiki" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kutoona mtandao wowote kabisa ni kitu kimoja, kuuona lakini pasiwedi inakataliwa ni kingine, kuungana vizuri afu kurasa hazifunguki ni kingine, na ile ya kushika na kuachia kila baada ya dakika kumi ni kingine tena mbali kabisa. Dawa zake hazifanani, ukimpa wa huku dawa ya kule unamuua.

Kwa huyu mwenzetu asiyeona mtandao hata mmoja, mi ningeanza na terminali, lile dirisha la kuandikia amri, anaandika rfkill list, haichukui hata dakika. Itamletea redio zote zilizomo, ya waifai na ya Bluetooth, na chini ya kila moja mistari miwili, Soft blocked na Hard blocked. Ya soft ikisema yes maana yake programu ndo imezima, labda kagusa kibonye chenye picha ya ndege bila kujua, anaandika sudo rfkill unblock all (hiyo sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi) imeisha hiyo. Ya hard ikisema yes, hapo hata uandike amri mpaka asubuhi haifunguki, ni swichi ama kibonye cha mashine au imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayotangulia mfumo kuwaka, atafute kwa vidole. Zipo pia laptopu zinazodanganya, zinasema hard blocked na swichi hazina kabisa, huko mara nyingi mchawi ni moduli, yaani kipande, ya keneli (moyo wa mfumo wa Linux) inayosimamia vibonye vya aina ile ya laptopu, inatafsiri vibaya, ukiitoa hiyo moduli waifai inafunguka.

Kama hakuna kilichozimwa basi swali linalofuata ni je kadi yenyewe inaonekana. Kadi ya ndani unaiuliza kwa lspci -nnk, ya kuchomeka kwa nje unaiuliza kwa lsusb. Usitishwe na utitiri wa mistari, tafuta palipoandikwa Network controller, utakuta mwishoni namba mbili zenye nukta pacha katikati, ya kwanza ni ya mtengenezaji na ya pili ni ya chipu. 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros, na Intel wao walijichukulia 8086, jina la ile chipu yao ya mwaka 1978, mi huwa nacheka kila nikiiona. Hizo namba ndo za kwenda nazo unapoomba msaada, siyo jina la laptopu, maana laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti kabisa ndani. Na hapa pia watu hushangaa: Bluetooth na waifai kwa kawaida vinakaa kwenye kadi moja lakini waifai inapita njia ya PCIe (njia ya ndani ya kuunganishia kadi) na Bluetooth inapita njia ya USB, ndo maana kimoja unakikuta kwenye lspci na kingine kwenye lsusb, na ndo maana kimoja kinaweza kufa kingine kikabaki kizima.

Kadi isipoonekana popote, hapo amri za programu hazina kazi. Inawezekana imelegea, imezimwa kwenye BIOS, imekufa kweli, au imestaki tu. Hiyo ya kustaki ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, hasa kwenye laptopu yenye Windows na Linux pamoja, maana Windows ina kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza kuzima kumbe haizimi yote, keneli yake inalazwa usingizi kama hibaneti, na kadi inaweza kuachwa kwenye hali ambayo Linux ikija haiwezi kuiamsha. Ingia Windows uzime hiyo Fast Startup, au kwa haraka chagua kuristati badala ya kuzima, maana kuristati kunazima kweli. Na kama laptopu haina Windows, izime, chomoa chaji, toa betri kama inatoka, shikilia kibonye cha kuwashia sekunde 30 hivi, afu washa. Inaonekana kama uganga najua, ila kinachofanyika ni kumaliza umeme uliobaki kwenye saketi ili kadi ianze upya, nimeona kadi iliyoshatangazwa maiti ikifufuka hivyo.

Sasa ikionekana, shuka mistari miwili chini yake utafute Kernel driver in use. Upo? Basi draiva, ile programu ya kuiendesha kadi, imeishika kadi. Haupo? Basi kadi ipo ila haina wa kuiendesha, na hapa ndo penye mambo.

Draiva nyingi za Linux zinakuja ndani ya keneli yenyewe, huhitaji kupakua kitu. Ila kadi za siku hizi zina kiprosesa chake ndani, na kiprosesa hicho kinataka programu yake kinapoamka, ndo hiyo tunaita fimwea, na fimwea inakaa pembeni kwenye kifurushi kinaitwa linux-firmware au majina ya karibu na hapo. Draiva ikiwepo na fimwea ikikosekana kadi inabaki imekodoa macho. Andika sudo dmesg | grep -i firmware usome, hayo ni maneno ya keneli yanayotaja fimwea. Ukikuta failed with error -2, hiyo -2 ni kusema faili halikupatikana basi, haina maana kadi mbovu, na jina la faili linalotafutwa limeandikwa hapohapo kwenye mstari. Kwa nini likosekane? Kwa sababu fimwea hizo siyo programu huria, wenye chipu hawatoi msimbo wake, na Debian, aina nyingine ya Linux, kwa miaka mingi walikataa kuziweka kwenye diski yao rasmi ya kuistolia, watu wakawa wanamaliza kuistoli ndo wanagundua hawana waifai ya kupakulia fimwea ya waifai. Wakapiga kura mwaka 2022 na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 zinakuja humohumo. Kwa hiyo ushauri wa zamani wa Debian usiufuate kichwakichwa.

Tena hilo la ushauri wa zamani ningependa yule mwandishi wenu alisikie. Chukua chipu ya waifai RTL8821CE ya Realtek, imejaa kwenye laptopu za bei ya chini, kwa muda watu walikuwa lazima wapakue draiva ya nje waijenge wenyewe. Toka keneli 5.9 ya mwaka 2020 ipo draiva yake ndani, inaitwa rtw88. Lakini maelezo ya kale bado yanazunguka, mtu anayafuata, anaweka ya nje juu ya ile ya ndani, zinagombania kadi moja na waifai inakatikakatika, afu anasema Linux mbovu. Broadcom ni vivyo hivyo, kuna draiva b43, kuna brcmsmac, kuna wl ya kampuni yenyewe, na kila chipu ina yake inayoifaa, ukiziacha zote zinavurugana.

Na hii ya draiva za nje nadhani ndo iliyompata mwenzetu, kwa sababu kasema mwenyewe ilianza baada ya apdeti. Draiva ya nje hujengwa kwa ajili ya keneli fulani, apdeti ikileta keneli mpya lazima ijengwe tena, kazi hiyo inafanywa na DKMS, programu ya kujenga draiva upya, yenyewe kimyakimya lakini inataka vifurushi vya headers (vya kujengea draiva) vya keneli hiyo mpya viwepo, visipokuwepo inashindwa bila kelele na asubuhi unaamka huna waifai. Sasa kabla ya kupiga chochote upya, awashe laptopu, kwenye ile menyu ya GRUB, inayotokea kabla mfumo haujawaka, aingie Advanced options achague keneli ya chini yake, ile ya zamani. Waifai ikirudi, jibu limepatikana, tatizo ni keneli mpya na draiva, siyo kadi, na hakuna hata faili moja lililopotea.

Kizingiti kingine hapohapo ni Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka. Ikiwa imewashwa keneli inakataa moduli isiyo na saini inayotambulika, ukijaribu kuiingiza kwa modprobe, amri ya kupakia na kutoa moduli, inakujibu Key was rejected by service. Unapoistoli draiva ya nje Ubuntu inakuuliza uweke pasiwedi, afu ukiristati inakuja skrini ya buluu inahesabu sekunde kumi ikikusubiri ubonyeze kitu ili ukubali ufunguo uliotia saini hiyo draiva. Wengi tunaiogopa ile buluu, tunaiacha ipite. Ikipita ndo basi, draiva haitaingia mpaka urudie.

Mtu ataniuliza, hayo yote nayapakuaje na intaneti sina? Simu! Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB kule kwenye simu, Linux inaiona kama kadi ya waya bila kuomba draiva yoyote. Hata kama bando lako la simu limeisha, simu ikiwa imeungana na waifai ya nyumbani, simu nyingi za Android zinaipitisha hiyohiyo kwenda kwenye laptopu. Sijui kwa nini hili halisemwi mwanzoni kabisa mwa kila maelezo.

Nirudi kwa wale wanaokatikiwa. Hapo cha kwanza mi huwa natuhumu kubana umeme, kadi inasinzia ili kuokoa betri na inachelewa kuamka. Ubuntu kuna faili ndani ya /etc/NetworkManager/conf.d linaitwa default-wifi-powersave-on.conf, ndani yake wifi.powersave ni 3 (kubana umeme kumewashwa), badilisha iwe 2 (kumezimwa), ristati, subiri siku moja uone. Kama inakufa kila ukifungua laptopu iliyolala, itoe draiva kwa modprobe -r na uirudishe kwa modprobe, ikiamka ujue shida ni ya kulala na siyo ruta. Na kama simu zote za nyumbani zinaona mtandao ila laptopu peke yake haiuoni, angalia ruta iko chaneli ya ngapi: Marekani kwenye 2.4 GHz wanatumia chaneli 1 mpaka 11, nchi nyingi zinaenda hadi 13, na laptopu inayojidhani iko Marekani haiioni kabisa ruta iliyokaa kwenye 13. Andika iw reg get uone inajidhani iko wapi. Au kwa mkato ihamishe ruta kwenye 1, 6 au 11 maisha yaendelee.

Waliounganishwa ila hawafungui kurasa nitawapita haraka maana huko hakuna ugomvi na kadi. Piga ping 8.8.8.8 (amri ya kuuliza kama mashine ya mbali inajibu), ikijibu na majina ya tovuti yasipofunguka basi ni DNS, yaani huduma ya kugeuza majina kuwa anwani. Isipojibu, jaribu ku-ping ruta. Na tazama saa ya laptopu, betri ndogo ya ndani ikifa tarehe inarudi nyuma miaka na kila tovuti yenye https inakataa vyeti, mtu anahangaika na waifai kumbe ni saa.

Bluetooth sasa, ambayo ukurasa wenu hata haukuigusa wakati ndo inayotutesa wengi. Hedifoni zinashika vizuri Windows, ukienda Linux hazishiki, unaziunganisha upya zinakubali, ukirudi Windows zimekataa, mchezo unaendelea hivyo hivyo kila siku. Siyo ubovu. Mnapounganishwa hedifoni na laptopu zinatengeneza ufunguo wa siri, na hedifoni inaitambua laptopu kwa anwani ya kadi, anwani ambayo ni ileile kwenye Windows na kwenye Linux. Kwa hiyo kila ukiunganisha upya upande mmoja, hedifoni inafuta ufunguo wa upande mwingine ikidhani ni mtu yuleyule kabadilisha kufuli. Dawa ni kuunganisha Linux kwanza, afu Windows, afu ufunguo wa Windows unauchukua unaunakili kwenye /var/lib/bluetooth kule Linux. Inachosha mara moja tu.

Mwingine atalalamika muziki ni mtamu, akiingia kwenye simu ya video sauti inakuwa kama ya redio ya mawimbi mafupi. Hiyo nayo haina kosa la Linux, njia ya muziki inaitwa A2DP na sauti nzuri inakwenda upande mmoja tu, ukiwasha maiki hedifoni zinahamia HFP, njia ya simu, ambayo kwa kizamani ni sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde na kwa mSBC, kodeki mpya zaidi, ni 16,000. Tumia maiki ya laptopu, uiache hedifoni kwenye A2DP, sauti inarudi.

Na mausi isiyo na waya, tafadhali, nyingi siyo Bluetooth! Ikija na kidude chake cha kuchomeka hiyo ina redio yake peke yake, usihangaike kuitafuta kwenye bluetoothctl, amri ya kusimamia Bluetooth. Yangu ilikuwa inarukaruka kila nikinakili mafaili, nikabadilisha betri, nikabadilisha mausi, bado. Kumbe USB 3 ikifanya kazi inatoa kelele ya redio kwenye eneo hilohilo la 2.4 GHz, Intel wenyewe walitoa maandishi kuhusu hilo mwaka 2012, na mimi kidude cha mausi nilikichomeka tundu la jirani kabisa na hadidiski ya nje. Nikakihamishia upande wa pili wa laptopu, imetulia mpaka leo. Waifai ya 2.4 nayo inaumizwa na kelele hiyohiyo, ukiweza ihamie 5 GHz.

Sisemi kadi isinunuliwe kamwe. Zipo chipu ambazo muda wako una thamani kuliko kuhangaika nazo, hilo nakubaliana na mwandishi wenu. Ila ununuzi una mtego, kuna adapta za USB zenye jina lilelile na boksi lilelile lakini toleo la kwanza lina chipu hii na toleo la pili chipu nyingine kabisa, kwa hiyo uliza chipu na toleo, usinunue kwa jina. Na kuna zingine ukizichomeka zinajitokeza kama sidii yenye draiva za Windows badala ya waifai, kwenye lsusb zinaonekana 0bda:1a2b, hizo siyo mbovu, zinataka tu usb_modeswitch, programu ya kuzigeuza, au uiejekti hiyo sidii kama unavyoejekti flashi, ndo zinageuka kuwa waifai.

Kwa huyo mwenzetu aliyeuliza, jaribu keneli ya zamani kwanza usiku wa leo, afu tuandikie gazetini imekuwaje.

La mwisho linawahusu nyinyi wenyewe wa chumba cha habari. Toleo moja la nyuma mlichapa amri ikaanzia mwanzo wa sentensi, mhakiki wenu akaipa herufi kubwa, na kistari kifupi kikageuzwa kirefu cha mapambo, mi nikaiandika vilevile ilivyo nikaambiwa hakuna amri kama hiyo. Linux herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Ndo maana humu hakuna sentensi niliyoianza na amri, nimekwepa makusudi, nyinyi vistari tu nawaomba mviache vifupi.

Ni mimi msomaji wenu,
mtumiaji wa Linux asiye fundi